Simu Inayozimika Kila Alasiri

Inspekta aliingia nyumbani kwa Mzee Sindano jua likiwa limeshaanza kuchoma, na kwa desturi yake hakuuliza kitu. Alisimama katikati ya sebule akaanza kushika vitu. Alishika pazia, akapapasa kitambaa cha meza, akainua mto wa kochi na kuugeuza tumbo juu. Kituoni walimbatiza jina la Bi Polepole kwa tabia hiyo, na wengine walilitamka kwa kejeli, ingawa ni haohao waliomletea kesi zilizowashinda.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Mzee Sindano, fundi cherehani mstaafu, alikunywa chai jana asubuhi, akamuaga mkewe kwamba anafika dukani mara moja, na tangu hapo hajaonekana. Simu yake haipatikani. Mkuu wa kituo alishatoa hukumu kabla hata faili halijafunguliwa: mzee ana nyumba ndogo mahali, akichokwa huko atarudi mwenyewe. Alimpa Inspekta mpaka jioni, baada ya hapo kulikuwa na kazi za maana zaidi zikisubiri.

Aliyeleta taarifa ni binti yao, mwanamke wa makamo aliyesimama mlangoni amekunja mikono, uso umemwiva kwa hasira na kukosa usingizi. Alisema yote kwa mkupuo. Kwa miezi sasa simu ya baba yake ilikuwa na tabia moja: asubuhi inapatikana, mchana inapatikana, ikifika alasiri imezimwa. Ukimuuliza anacheka na kubadilisha mazungumzo. Tena siku hizi anatoka sana, yeye ambaye zamani kumtoa nyumbani ilikuwa kazi. Watu wamemwona mtaa wa maduka ya simu, na mzee wa umri ule anatafuta nini kwenye maduka ya simu kama si kumnunulia mtu zawadi?

"Mtu ana simu halafu anaizima kila siku saa zilezile," alimalizia. "Wewe ni polisi, afande. Nikuambie nini zaidi?"

Inspekta alikiri kimoyomoyo kwamba hoja ilikuwa nzito. Ameshawahi kuwanasa wanaume wengi kwa ushahidi mwepesi kuliko huo. Lakini alikwenda kuketi kando ya mama wa nyumba.

Bibi alikuwa ameketi wima kwenye kochi, simu ndogo ya vitufe imelala kwenye kiganja chake, na kidole gumba kikizunguka juu yake bila kupumzika. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya uwezo wa kuona kidogo kidogo. Alichobakiwa nacho ni mwanga na vivuli. Kila baada ya muda mfupi kidole kilibonyeza namba haraka haraka, simu ikapanda sikioni, akasikiliza, akaishusha.

"Shikamoo mama," Inspekta alisema.

"Marahaba mwanangu. Bado yule mama wa mtandao ananiambia hapatikani." Akatabasamu bila furaha. "Siku hizi ndiye mwanamke pekee anayepokea simu ya mume wangu. Angalau sauti yake ina adabu."

Inspekta akacheka, na kucheka kule kukamfungua Bibi. Alieleza kwamba simu zao zilikuwa mapacha. Walizinunua siku moja, duka moja, macho yake yakiwa bado yanaona, na vidole vikavizoea vile vitufe mpaka sasa vinajua kila namba bila kuulizwa. Binti alishamletea simu kubwa ya kioo, nzuri, ya kisasa. Iko kabatini. Kubonyeza kioo kile, alisema, ni sawa na kubonyeza dirisha: hujui umegusa nini mpaka mambo yameharibika.

"Na hii yako haizimiki?"

"Yangu haina neno. Asubuhi anazitoa zote mbili kwenye chaji, ananiwekea yangu mkononi, inanifikisha jioni. Yake ndiyo mbovu." Kidole gumba kikasimama. "Au anaizima."

Binti alifungua mdomo, Inspekta akamwomba kwa macho aufunge.

"Mwanangu," Bibi akaendelea, sauti imeshuka. "Mimi nimekuwa mzigo, sitabisha. Chai ananitengenezea, anaikoroga, ananiwekea mkononi. Nguo ananichagulia. Hata sahani ananielekeza nyama iko upande gani. Kama amechoka, si dhambi, binadamu huchoka. Wewe utamtafuta, na ninajua utampata. Ukimpata, niambie ukweli. Usinifiche kwa kunionea huruma. Hilo tu ndilo ninaloomba."

Inspekta aliahidi. Kutafuta mtu aliyepotea ni kazi aliyoizoea. Kurudi kwa mama huyu na habari kwamba mumewe yuko mzima, amelala kwa mwingine, hiyo hakuwa na hamu nayo.

Akaomba aione ile simu. Aliigeuza, akafyatua mfuniko wa nyuma kwa kucha, akaitazama betri. Kwenye ukingo wake, chini ya utepe wa gundi unaong'aa, palikuwa na kipande cha uzi wa buluu. Inspekta alikitazama, kisha akainua macho na kukagua sebule upya. Uzi ulikuwa kila mahali. Kikombe kimoja mezani kilifungwa uzi wa buluu kwenye mkono wake, cha pili uzi mwekundu. Mswaki mmoja kwenye bilauri, buluu. Wa pili, mwekundu. Pazia lenyewe lilikunjwa pindo kwa mishono midogo iliyopandana, na kila kona ilimalizikia kwa fundo la mviringo, nadhifu, ambalo mashine haiwezi kulitengeneza.

"Mama, nyuzi hizi ni za nini?"

"Ah, uzee wa ufundi. Wateja walikuwa wanachanganya nguo, akazoea kuweka alama, ikawa ugonjwa. Vitu vyovyote tulivyonavyo viwili, changu chekundu, chake buluu. Mimi sasa sioni rangi, ila yeye hajaacha."

Inspekta alirudisha mfuniko taratibu na kumkabidhi Bibi simu yake. Betri iliyokuwa ndani haikuwa ya Bibi. Ilikuwa ya mzee. Maana yake ile ya Bibi, yenye uzi mwekundu, ilikuwa mahali fulani nyuma ya simu ya mzee, na kama ndiyo iliyochoka, basi simu ya mzee haikuwa inazimwa na mtu. Ilikuwa inakata roho yenyewe kila alasiri. Lakini betri moja haitoshi kuwa ushahidi. Zinaweza kuwa zilichanganywa kwa bahati mbaya, au na fundi. Hakutaka kumpa mama wa watu tumaini ambalo angelazimika kumnyang'anya kabla ya jua kuzama.

"Umeona nini?" Binti aliuliza walipofika nje.

"Betri."

"Baba yangu amepotea, afande, wewe unatazama betri?"

"Ndiyo," alisema Inspekta, akaingia kwenye gari bovu la kituo.

Duka la kwanza la simu lilikuwa la vioo vitupu na kiyoyozi kikali. Muuzaji, msichana mchangamfu, alimkumbuka mzee mara moja. Amefika pale mara kadhaa akitafuta betri ya simu ya vitufe, akaelezwa kila mara kwamba simu hizo hazitengenezwi tena na betri zake pia. Akashauriwa anunue mpya. Akakataa katakata. Jana alirudi na swali jingine: je, hakuna betri kubwa zaidi, yenye kukaa na chaji kuliko ile ya kiwandani? Wakamwambia hapana, akashukuru, akatoka.

Inspekta alianza kujisikia vizuri. Kisha msichana akaongeza jambo ambalo hakuulizwa. Baadaye, akipanga simu dirishani, alimwona mzee yuleyule akitokea uchochoro wa mafundi na kuvuka barabara na mwanamke. Mwanamke mnene kiasi, amevaa vizuri. Walikuwa chini ya mwavuli mmoja, na yule mama amemshika mzee mkono.

"Amemshika vipi?"

"Hivi." Msichana akaonyesha, viganja vimekutana. "Nikasema jamani, wazee wanapendana."

Inspekta alitoka nje na kusimama kidogo juani. Aliwaza ahadi aliyoitoa pale kwenye kochi, na kwa mara ya kwanza siku ile alijuta kuitoa. Lakini mzee alikuwa anatokea upande wa uchochoro wa mafundi, na uchochoro ulikuwa palepale, nyuma ya duka.

Mafundi simu walikaa mezani mmoja baada ya mwingine, kila mtu na taa yake, bisibisi zake na simu zilizofunuliwa matumbo. Kila mmoja alimwelekeza mbele, mpaka akafika kwa kijana mwenye miwani ya kukuza aliyejulikana kwa jina la Injinia. Injinia alitazama picha ya mzee kwa muda mfupi mno.

"Huyu simjui."

"Tazama tena."

"Afande, wateja ni wengi. Simjui."

Inspekta hakubishana naye. Aliinua macho kwenye turubai lililoikinga meza na jua. Kona moja ilikuwa imepasuka zamani na kushonwa juzijuzi: uzi ulikuwa bado mweupe kwenye turubai lililojaa vumbi. Aliinyoosha kona ile kwa vidole. Mishono midogo, imepandana, na mwishoni fundo la mviringo.

"Turubai hili nani kakushonea?"

"Mke wangu."

"Nikimwita hapa sasa hivi, anaweza kunishonea mshono kama huu?"

Injinia aliinua miwani yake akaiweka juu ya paji la uso. Akatazama kona ya turubai, akamtazama Inspekta, akatazama tena kona.

"Afande," alisema, "mke sina."

Jirani yake wa meza ya pili alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Injinia hakucheka. Baada ya hapo alisema yote, na alivyosema alionekana ametua mzigo. Alimuuzia mzee betri mbili kwa nyakati tofauti, zote zimeandikwa uwezo mkubwa kuliko wa asili, na zote hazikufika hata wiki. Inspekta alimtaka amwonyeshe. Injinia alitoa moja kwenye kopo na kumpa pamoja na betri ya kawaida iliyochakaa. Inspekta aliziweka moja kila kiganja. Ile yenye namba kubwa ndiyo iliyokuwa nyepesi.

"Wanachukua zilizochoka, wanazivika karatasi mpya," alieleza Injinia. "Namba unaandika unayotaka. Betri ya unene uleule haiwezi kubeba mara mbili. Ukitaka kweli ya uwezo mkubwa, lazima iwe nene, na ikiwa nene mfuniko wa simu haufungi. Inatakiwa ije na mfuniko wake, wenye mgongo uliotuna. Hizo zilikuwapo zamani."

"Ulijua hayo ulipomuuzia?"

"Mara ya kwanza sikujua."

Inspekta alimwacha aisikie sentensi yake mwenyewe.

"Jana alikuja tena," Injinia akasema, macho kwenye meza. "Nikajua leo natukanwa mbele za watu. Hakunitukana. Nilikuwa na mteja, akasema nimalize tu, atasubiri. Akatoa sindano mfukoni, akaanza kushona turubai. Alipomaliza akaniambia, 'Mwanangu, hii haikufaa. Nitafutie inayofaa.' Basi. Ndicho kilichonimaliza. Ndiyo maana nimekwambia simjui, naona haya."

Kisha akainama chini ya meza na kutoa debe dogo la mchanga. Ndani, imefukiwa nusu, ilikuwa betri iliyovimba kama andazi. Aliikuta nyuma ya simu ya mzee na akakataa kumrudishia. Betri iliyovimba hivyo, ukiibana mfukoni inaweza kulipuka na kukuunguza paja. Ndiyo maana mzee aliondoka pale na simu isiyo na betri, na ndiyo maana tangu jana haipatikani. Inspekta alipangusa mchanga kwa kidole. Chini ya utepe wa gundi unaong'aa palikuwa na uzi mwekundu.

Alibaki amechuchumaa pale, amejaa furaha ambayo haikuwa ya kipolisi. Alitaka kumkumbatia Injinia, mwizi mdogo yule. Badala yake aliuliza juu ya mwanamke wa mwavuli.

"Mama Stoo? Mjane wa wakala wa simu wa zamani. Ana chumba kizima cha vifaa ambavyo mumewe hakuviuza, huwa anatuletea kidogo kidogo. Jana alikuwa hapa. Mimi ndiye niliyemwambia, mama, kama kuna mtu ana ile ya mgongo ni wewe, mchukue mzee. Jua lilikuwa limemlewesha, akamshika mkono asianguke. Anakaa nje ya mji, nyuma ya kilichokuwa kiwanda cha sabuni."

Mama Stoo alikuwa uani akianika nguo. Alipoona sare alisema kitu kimoja tu: kama mmekuja kwa ajili ya huyu mzee, jamani mchukueni, kwani yeye ameshindwa. Wakiwa wanatembea kuelekea stoo alieleza kwamba umeme ulikatika jana mara tu walipofika, ukarudi leo asubuhi. Betri zile zimelala kwenye maboksi miaka na miaka, nyingi zimekufa bila kutumika, na huwezi kujua iliyo hai mpaka uichaji. Mzee alifungua boksi moja baada ya jingine mpaka giza likaingia, gari la mwisho likaondoka yeye bado anafungua. Mama Stoo alimpa simu yake apige nyumbani. Akaishika, akaitazama, akamrudishia. Hakuna namba hata moja aliyoikumbuka kichwani. Miaka yote alibonyeza kitufe kimoja tu, jina la mkewe likajitokeza. Alimtandikia kwenye kochi la sebuleni, na alfajiri akamkuta amesharudi kwenye maboksi.

Mzee Sindano alikuwa ameketi juu ya kreti, karibu na soketi, mikono imepumzika magotini. Mbele yake ilikuwa simu ndogo ya vitufe, pacha wa ile nyingine, ila hii ilikuwa na mgongo uliotuna. Waya wa chaji ulikuwa umechomekwa. Kioo kilikuwa bado cheusi.

Inspekta alijitambulisha. Mzee alimsikiliza kwa heshima, akasema anasikitika kusumbua serikali, na kwamba anaondoka sasa hivi, akishaona tu kama inawaka. Ameshadanganywa mara mbili. Hawezi kurudi nyumbani na ya tatu.

"Mzee wangu," alisema Inspekta, "nyumbani hawajalala. Mkeo anadhani umemchoka."

Mzee alimgeukia polepole. "Nimemchoka?" Alilitamka lile neno kama mtu aliyepewa kitu asichojua kinashikwaje. "Nani kamwambia?"

"Simu yako. Inazimika kila alasiri."

Inspekta akavuta kreti nyingine akaketi.

"Nimeifungua yake," alisema. "Nimeuona uzi wa buluu."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie, binti yangu. Tafadhali." Alikuwa amemshika Inspekta mkono kwa nguvu asiyoitarajia. "Humjui yule. Akijua nimempa yangu, atanirudishia leo hii hii. Kuna siku alianguka jikoni mimi niko nje. Nilipofika nilimkuta sakafuni, sijui amekaa pale muda gani, simu iko mkononi, imezima. Hakulalamika. Akasema, nilikuwa nakupigia lakini imekataa. Usiku ule nikabadilisha betri. Nikasema ya kwangu ikizima, mimi nina macho, nitafika nyumbani. Yake isizime. Lakini sasa na hiyo niliyompa imeanza kuchoka. Ndiyo maana nataka kubwa. Nataka kitu kisichozima kabisa."

Inspekta alifahamu kwamba amepata maelezo kamili ya mtuhumiwa, kwa hiari yake mwenyewe, mbele ya shahidi. Mama Stoo, aliyekuwa shahidi, alikuwa anajifuta macho na ncha ya mtandio.

Hapo kioo kikawaka. Kwanza mwanga mdogo, kisha picha ya mikono miwili, kisha alama za chaji zikapanda moja moja. Mzee aliinama juu yake bila kupumua. Simu ilitafuta mtandao, ikaupata, na kabla mzee hajanyoosha kidole kubonyeza kitufe chochote, ikaita.

Aliipokea waya ukiwa bado umechomekwa, kichwa kimeinama kuelekea ukutani. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba Inspekta alisikia kila kitu.

"Uko wapi?" aliuliza Bibi.

"Nipo. Niko dukani."

"Duka gani hilo la kulala?"

"Nitakueleza. Mimi ni mzima, mke wangu, sina hata mkwaruzo. Niko na polisi."

"Umeiba nini?"

"Hapana, wamekuja kunichukua. Sikiliza, usikate. Mwambie mtoto akuchomekee chaji. Umenipigia tangu jana, na hiyo betri yangu siku hizi haina nguvu."

Alijisikia mwenyewe akisema. Inspekta aliona mabega yake yakishuka.

"Betri yako ipi?" Bibi aliuliza.

Mzee alimtazama Inspekta kuomba msaada. Inspekta akatazama maboksi. Ilikuwa ni kesi ambayo polisi haina mamlaka nayo.

"Hiyo iliyoko kwako," alisema mzee hatimaye. "Ni ya kwangu. Yako ndiyo niliyokuwa nayo mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya jikoni."

"Kwa hiyo alasiri zote zile." Sauti ilikatika, ikarudi. "Zote zile nilizokuwa nakaa hapa nasema amenizimia."

"Sijawahi kukuzimia. Nilikuwa njiani narudi, kila siku. Imezima yenyewe."

Bibi alilia. Hakujificha, alilia kwenye simu, na mzee alisubiri, kiganja kimeikinga simu kana kwamba kuna upepo. Binti yao alisikika kwa mbali akiuliza kuna nini, yuko wapi, amesemaje, na Bibi hakumjibu.

"Mzee wangu," Bibi akasema mwishowe, "wewe ni mjinga sana."

"Najua."

"Ungeniambia."

"Ungenirudishia."

"Ningekurudishia, ndiyo." Akavuta pumzi. "Njoo nyumbani."

"Nakuja."

"Usikate."

"Sikati."

Na hakukata. Alichomoa waya, akaipachika simu sikioni, akamshukuru Mama Stoo kwa mkono mmoja, akaingia kwenye gari la kituo akiwa bado anaongea. Inspekta aliendesha. Barabara ilikuwa na foleni ya jioni, na gari lilikuwa gari lile lile bovu, lakini kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuwa na haraka ya kufika. Redio ya kipolisi ilikoroma. Mkuu wa kituo alikuwa anauliza kama yule mzee amepatikana kwa kimada wake. Inspekta akajibu amepatikana, taarifa itafuata, akapunguza sauti.

Nyuma yake wazee waliongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Mzee aliuliza kama amekula. Alikuwa hajala. Akamwelekeza alipoweka mkate. Bibi akalalamika kwamba binti yao amehamisha chumvi. Mzee akamsimulia stoo nzima, boksi kwa boksi, na jinsi mgongo mpya wa simu ulivyotuna, akamwahidi kwamba leo hii anaihamishia kwake, na Bibi akasema hataki, na mzee akasema tutaona. Wakagombana hapo kwa raha kupita mataa matatu ya barabarani. Kila baada ya muda mzee alishusha simu, akachungulia alama za chaji, akairudisha sikioni. Hazikuwa zimepungua hata moja.

"Inapata moto," alimnong'oneza Inspekta kwa fahari. "Lakini haizimi."

Jua lilikuwa linashuka walipoingia mtaani kwao. Binti alikuwa amekaa barazani, na alipoona gari alisimama, akafunika uso kwa mikono miwili. Alimkimbilia baba yake, akamshika shingo, akaanza kuomba radhi kwa mambo ambayo mzee hakujua amesingiziwa. Mzee alimpapasa mgongo kwa mkono ulio huru na kumsogeza pembeni taratibu. Alikuwa bado yuko kwenye simu.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Alitaka kutoka zaidi lakini waya wa chaji ulikuwa umenyooka nyuma yake hadi kwenye soketi, umekakamaa, haukumruhusu hata hatua moja. Alisimama pale ulipoishia, uso ameuelekeza uani, kwenye kivuli kilichokuwa kinamjia. Sauti ya mumewe sasa ilimfikia mara mbili, sikioni na kutoka uani, na kila mara ya pili ilikuwa karibu zaidi.

"Umefika?" aliuliza kwenye simu.

"Bado," mzee alijibu, akaendelea kutembea, mpaka akamshika mkono.